Sindano ya surua na miezi tisa ya kungoja

Jumatatu moja nilimsindikiza jirani yangu, Mama Brayo, kliniki ya watoto. Tunakaa ploti moja huku Umoja, na kwa kuwa Brayo mwenyewe alikuwa shule, mimi ndiye niliyebeba begi la nepi huku mama mtu akibeba mtoto mdogo, aliyekuwa ametimiza wiki 14. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, kitabu cha kliniki mkononi, tukisogea kidogo kidogo kila mama wa mbele alipoitwa. Zamu yetu ilipofika mtoto alitiwa matone mdomoni, akadungwa paja la kushoto mara moja na la kulia mara mbili, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mama Brayo alimpakata, akamgeukia muuguzi.

"Sista, si ummalizie tu na ile ya surua? Ashalia tayari."

"Surua ni miezi tisa, mama. Nikimdunga leo nitakuwa nimemwaga dawa."

"Kumwaga aje na itaingia mwilini?"

Sista alicheka, akaita jina la mtoto aliyefuata. Foleni ilikuwa imefika langoni, na mwenye foleni ya namna hiyo hana nafasi ya kufundisha bayolojia.

Nje ya lango alisimama kijana mwenye spika ndogo na chupa za maji ya rangi ya kahawia. Spika ilikuwa ikirudia maneno yale yale: inasafisha damu, inaondoa uchovu, inapandisha kinga. Mama Brayo akauliza bei. Mimi nikabaki nikiwaza kwamba swali lake kwa sista na ile chupa ya kijana ni habari moja, na kwamba anayelielewa la kwanza hatahitaji ya pili.

Nairobi tunaizungumzia kinga ya mwili kama tokeni za stima. Imeshuka, imebaki kidogo, imeisha, ongeza. Nadhani lugha hiyo ilishika kasi wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu mitaani, maana kipimo cha CD4, seli za kinga ambazo ukimwi huzimaliza, huja kwa nambari, na nambari hupanda na kushuka. Lakini mtu mzima wa afya hana nambari moja ya kinga inayongoja kupandishwa kwa chupa. Anaweza kuwa na kinga kamili dhidi ya surua na asiwe nayo hata kidogo dhidi ya kipindupindu, mwili ule ule, siku ile ile. Kinga hujengwa ugonjwa kwa ugonjwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni kumjua mgeni kwa sura.

Kabla ya kufika kwenye sura, kuna kuta, na hizi nitazipita haraka. Ngozi tunaijua. Machozi na mate yana kimeng'enya kiitwacho lisozaimu, kinachotoboa kuta za bakteria. Anayepanda matatu za Jogoo Road kila asubuhi anaijua kazi ya kamasi: akifika mjini akipenga, leso inatoka nyeusi. Hilo ni vumbi na moshi ulionaswa, na vimelea vimo humo humo. Chini zaidi, kwenye mirija ya mapafu, kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute kuelekea kooni saa zote, nasi tunaumeza bila habari. Moshi wa sigara na wa jiko huvilemaza. Tumboni ute huo unakuta asidi. Bakteria wa kipindupindu hawaiwezi asidi hiyo, kwa hivyo kwa kawaida lazima wamezwe wengi sana ndipo wachache wapenye. Wale wa kuhara damu, shigela, huivumilia, na mia moja tu au hata kumi wanatosha kukulaza kitandani.

Ukuta ukitobolewa ndipo mambo yanapopendeza. Shule yetu ya msingi ilikuwa na ua la kayaba, ule mmea wa miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia, ambao bado unazunguka shule na makanisa mengi ya jiji hili. Mpira ukiingia humo, ilibidi mmoja wetu ajitolee. Siku yangu ilifika nikiwa darasa la nne. Mwiba ulikatikia ndani ya kidole cha shahada. Jioni kidole kilikuwa chekundu na cha moto, usiku kikaanza kupwita kana kwamba kina moyo wake, na siku ya tatu kikatoa jicho la njano. Nyanya alilitumbua kwa pini aliyoipitisha motoni, usaha ukatoka, na mwiba ukaja nao.

Kwa miaka mingi niliamini mwiba ndio ulionivimbisha. Kumbe karibu yote niliyoyahisi yalifanywa na mwili wangu mwenyewe. Chini ya ngozi hukaa seli ziitwazo makrofaji, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya walaji wakubwa. Hazijui huyu aliyeingia ni bakteria gani. Zinachojua ni kwamba kuna maumbile ambayo mwili wa binadamu hauna kabisa, kwa mfano kemikali za ukuta wa bakteria, na zikigusa kitu cha namna hiyo hukimeza, kisha hupiga kamsa kwa kutoa kemikali. Mishipa midogo ya damu hutanuka, kidole kikawa chekundu na cha moto. Kuta za mishipa hulegea, maji yakavuja, kidole kikavimba. Kupitia nyufa hizo hutoka nutrofili, seli nyeupe ambazo uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku. Nutrofili haiishi sana: inafika, inameza, inamwaga sumu, inakufa. Usaha ni mizoga yao ikichanganyika na ya bakteria.

Aliyeling'amua jambo hili, Élie Metchnikoff, naye alitumia mwiba. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua viluwiluwi wa kiti cha pweza, walio angavu kama kioo, akawachoma miiba ya mwaridi. Kulipokucha akakuta seli zimeuzingira mwiba. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kamsa ikiwa kubwa hufika ubongoni, na ubongo hupandisha joto la mwili. Yaani homa nayo ni kazi yetu wenyewe. Vimelea vingi huzaana kwa shida kwenye joto hilo, na seli nyeupe huchangamka. Parasetamoli hushusha joto kwa kuzuia kemikali inayobeba ujumbe, ikampa mgonjwa nafuu, ila kimelea haikigusi. Nasema hivi si kwa ajili ya kuwafanya watu wavumilie homa nyumbani. Mtoto mchanga mwenye homa apelekwe hospitali, na mtu yeyote mwenye homa aliyetoka safari ya Ziwa au Pwani apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Siku ile ya mwiba nilipata pia mtoki kwapani. Nyanya akasema ni sumu ya mwiba inapanda mkono. Hakuwa mbali na ukweli. Kuna seli zenye matawi matawi ambazo huokota vipande vya bakteria pale kidoleni na kuvisafirisha kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye tezi iliyo karibu. Tuna tezi hizo zaidi ya 500, shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni, na mtoki ni tezi iliyovimba kwa kujaa watu kazini.

Ndani ya tezi ndimo mwili unapotafuta sura. Wengi wetu hudhani mwili humpima mdudu kama fundi anavyompima mteja, kiuno hiki, bega hili, kisha ukamshonea kingamwili, yaani protini ya kumshika, ya saizi yake. Hata wanasayansi wakubwa waliwahi kudhani hivyo. Ukweli unafanana zaidi na soko la Gikomba. Nguo za mitumba zilishonwa zamani, mbali, na mtu asiyekujua wala hatakujua. Zimekuja kwa marobota, za kila umbo, nyingine za kuchekesha ambazo hutarajii mtu kuzivaa. Wewe unafika, unapekua, unapekua, mpaka unakuta shati moja lililokaa kana kwamba lilikungoja.

Seli nyeupe ziitwazo seli B zinazaliwa hivyo. Kila moja hutoka kwenye uboho ikiwa na kingamwili ya umbo moja tu, na umbo hilo limepatikana kwa bahati nasibu: seli inapokua hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, kama mtu anayechanganya karata na kukugawia mkono. Mjapani Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kugundua hilo. Ndiyo siri ya hesabu ambayo ilikuwa imewashinda watu, yaani vipi mwili wenye jeni kama 20,000 utengeneze mabilioni ya kingamwili tofauti. Kwa hiyo ndani yako sasa hivi, unaposoma, pengine imo seli inayomfaa kirusi ambacho hakijazaliwa. Nikifikiria hilo nikiwa kwenye foleni, foleni hufupika.

Kipande cha bakteria kikiletwa tezini, seli B mamilioni hupita zikikijaribu. Nyingi hazikai. Ile inayokaa huanza kugawanyika, moja ikawa mbili, mbili nne, mpaka zinakuwa maelfu kwa maelfu, zote za umbo lile lile, zikimwaga kingamwili kwenye damu. Wazo hili, la mgeni kuchagua kilichopo badala ya kushonewa kipya, liliandikwa na Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957. Na kama pale Gikomba ambapo ukishanunua suruali kuna fundi ameketi na cherehani kando ya njia akusubiri aikate pindo, hapa pia kuna marekebisho: seli zinapogawanyika, jeni za kingamwili hubadilika kidogo kidogo, na zile zinazomshika mdudu kwa nguvu zaidi ndizo zinazoachwa ziendelee. Kingamwili za wiki ya tatu hushika kuliko za wiki ya kwanza.

Yote hayo huchukua muda. Mara ya kwanza mwili kukutana na kimelea, kingamwili za maana huonekana baada ya wiki moja au mbili. Katikati ya siku hizo unaumwa. Ndiyo maana mtu mwenye mafua huenda kwa kemisti siku ya nne, ananunua amoksilini ambayo haina lolote la kufanya na virusi, siku ya saba anapona, na tangu hapo anaapa kwa jina la kile kidonge. Kidonge kilifika tu wakati kazi inakaribia kwisha.

Kingamwili zina upungufu mmoja mkubwa, haziingii ndani ya seli. Kirusi kikishaingia humo kimefunga mlango. Hapa mwili una mpango ambao, ukiniuliza mimi, ndio wa werevu kuliko yote. Karibu kila seli ya mwili hutundika juu ya utando wake vipande vya protini zinazotengenezwa ndani, kama tunavyoanika nguo kwenye kamba za ploti. Mpita njia akitazama kamba ya Mama Brayo atajua bila kubisha hodi kwamba humo mna mtoto mchanga, mna mvulana wa shule, mna mtu anayevaa ovaroli za gereji. Siku akiona gwanda la jeshi kwenye kamba hiyo, atajiuliza. Seli nyeupe za aina nyingine, ziitwazo seli T ziuaji, hupita zikisoma kamba. Zikikuta kipande cha kirusi, huiua seli nzima pamoja na kilichomo.

Seli T zinafunzwa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ni kubwa utotoni na husinyaa tukizeeka. Huko kuna mtihani mgumu kuliko wowote tunaoujua. Seli isiyoweza kusoma kamba hufa. Seli inayoshambulia nguo za nyumbani, yaani protini za mwili wenyewe, nayo huuawa. Zaidi ya tisa katika kila kumi hazitoki hai.

Naukazia mtihani huo kwa sababu ya kijana wa spika. Kinga "iliyopanda" si jambo la kutamani. Zile chache zinazopenya mtihani vibaya zinaweza kuleta kisukari cha aina ya kwanza, pale mwili unapoharibu seli zake za kongosho zinazotengeneza insulini, au lupasi, ambapo hushambulia ngozi, viungo na figo. Pumu nyingi za mzio ni kinga inayopigana na vumbi. Na mwaka 2020, baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Kenya Machi 13, miezi mitatu tu ilipita kabla ya jaribio kubwa la Uingereza kuonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mapafu ya wengi wao yalikuwa yakiharibiwa na kamsa isiyonyamaza. Mwaka huo huo mitaani tulikuwa tukichemsha tangawizi, ndimu na vitunguu saumu ili kinga ipande. Sina ugomvi na tangawizi, koo hulainika. Lakini waliokuwa ICU waliokolewa kwa kuishusha.

Lugha yetu ilipotafuta jina la ukimwi ililenga kiini: upungufu wa kinga mwilini. Seli za CD4 ni seli T wasaidizi. Haziui mtu. Kazi yake ni kutoa ruhusa: seli B ikipata shati lililokaa, mara nyingi haianzi kugawanyika kwa nguvu mpaka CD4 inayomtambua mdudu yule yule ikubali, na seli ziuaji nazo huhitaji msaada wao. VVU huchagua kuingia kwenye seli hizo hizo. Bila dawa, waliopaswa kutoa ruhusa huisha mmoja mmoja kwa miaka, na kuta zilizojengwa zamani huanza kubomoka. Mfano mkubwa ni kifua kikuu. Bakteria wake humezwa na makrofaji kisha hukataa kufa, wakakaa humo humo, na mwili huwazungushia kifundo cha seli na kuwafungia. Takriban robo ya watu duniani wamebeba bakteria hao wakiwa wamefungwa hivyo, na wengi hawataugua maishani. CD4 zikiporomoka, kifundo kinafunguka. Ndiyo maana mtu akipatikana na TB hapa kwetu hupimwa pia VVU.

Nairobi ina hadithi yake katika habari hii, na nashangaa haifundishwi shuleni. Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika Majengo, Pumwani. Wengi walikuwa tayari wana virusi, na wengine wakaambukizwa miaka iliyofuata. Lakini kikundi kidogo kilibaki bila maambukizi mwaka baada ya mwaka, ingawa walikutana na VVU mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ambaye sayansi ilikuwa imemchunguza. Damu yao ilipopimwa, zikapatikana seli T ziuaji zinazoitambua VVU. Walikuwa wamekutana na kirusi na mwili ukakishika sura kabla hakijatulia.

Hadithi haikuishia kwa shangwe. Baadhi yao waliacha kazi hiyo kwa muda, wengine wakaenda nyumbani mashambani kupumzika, na waliporudi wakaambukizwa. Ilionekana kinga ile ilihitaji kukumbushwa kila mara, na ilipokosa kukumbushwa ikafifia. Chanjo iliyobuniwa kutokana na maarifa hayo, kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford, ilianza kujaribiwa hapa mwaka 2001. Iliamsha seli T kwa unyonge mno, na njia hiyo ikaachwa. Kilichobaki ni funzo lililotolewa na wanawake wa Majengo kwa miili yao, kwamba kukumbuka kwa kinga si kwa aina moja. Surua ukiugua mara moja, umemaliza maisha yako yote. Kuna magonjwa mengine ambayo kumbukumbu yake ni kama ya mtoto wa shule wakati wa likizo.

Malaria ni hayo mengine, na wenye asili ya Kisumu, Siaya au Busia wanaijua habari hii bila maabara. Desemba familia zinapanda basi kwenda ocha, nyumbani mashambani. Watoto waliozaliwa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari ambako maambukizi ya malaria ni nadra, hulala chumba kimoja na binamu zao, wakaumwa na mbu wale wale. Wiki mbili baadaye mtoto wa jiji yuko kwenye dripu na binamu anacheza mpira. Ukimpima binamu huenda naye ana vimelea kwenye damu. Ameugua mara nyingi, nyingine karibu zimuue, na kila mara mwili wake umejifunza sura moja zaidi. Kwa maana kimelea cha malaria ni kigeugeu: kina jeni kama 60 za protini anayoibandika juu ya seli nyekundu, na hubadilisha vazi kila kingamwili zinapolizoea. Baba yao, aliyekulia huko na sasa ana miaka kumi mjini, hujiona mwenyeji, halali ndani ya neti, na yeye pia huanguka. Kinga aliyoijenga utotoni imechakaa kwa kukosa mbu.

Ugeugeu huo ndio uliochelewesha chanjo. Ile ya kwanza, RTS,S, ilianza kutolewa nchini Septemba 2019 kule Homa Bay, na kwenye jaribio kubwa lililotangulia, dozi nne kwa watoto wadogo zilizuia takriban visa 4 kati ya 10. Kwa ugonjwa mwingine tungeguna. Kwa malaria, ni watoto wengi sana.

Sasa nirudi kwa surua, maana ndiyo iliyonipeleka kote huko. Kirusi chake hakibadilishi vazi, ndiyo maana chanjo moja imefaa kwa miongo. Lakini kinaambukiza kupita kiasi: mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuwapa 12 hadi 18. Na kina tabia ambayo ilithibitishwa vizuri mwaka 2019 tu. Kinaingia kwenye seli zenyewe za kumbukumbu, zile zinazobaki zikikumbuka sura za wadudu wa zamani, na kuziua. Watoto 77 wasiochanjwa wa Uholanzi walipimwa kabla na baada ya kuugua, ikaonekana wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto hupona madoa, kisha miezi inayofuata nimonia na kuhara vinamkuta kama aliyezaliwa jana.

Na miezi tisa? Jioni ile nilimkuta Mama Brayo akianika, nikamweleza nikiwa nimeshika beseni la vibanio. Katika miezi ya mwisho ya mimba, mwili wa mama hupitisha kingamwili zake kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Ile sindano ya pepopunda waliyomdunga kliniki ya wajawazito, nusu ya sababu yake ilikuwa mtoto. Maziwa nayo huleta kingamwili za aina nyingine, zinazopaka koo na utumbo wa mtoto. Zile za kwenye damu ni za kuazima. Hakuna seli ya mtoto inayojua kuzitengeneza, kwa hiyo zinapungua, nusu kila wiki tatu hivi.

Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Lazima kizaane kidogo ndipo mwili wa mtoto ukione, upekue robota lake, upate shati. Kikiingia mtoto akiwa na wiki 14, kingamwili za mama zinakikamata na kukiteketeza kabla seli za mtoto hazijageuza shingo. Sindano nyingine za umri huo ni vipande au vimelea vilivyouawa, nyingi zinarudiwa mara tatu, na kingamwili za mama hazizivurugi kiasi hicho. Kufikia miezi tisa za surua zimekwisha kwa watoto wengi, na dozi hiyo huwakinga kama 85 kati ya 100. Waliosalia wanangojewa na dozi ya miezi 18. Nchi zenye surua kidogo husubiri mpaka mwaka mmoja, zikapata matokeo mazuri zaidi. Sisi hatuwezi kumwacha mtoto uchi miezi mitatu mingine, na kukiwa na mlipuko, au mama akiwa na VVU, mtoto hupewa dozi ya ziada hata akiwa na miezi sita.

Mama Brayo alisikiliza mpaka mwisho, kibanio kikiwa mdomoni. Kisha akakitoa.

"Kwa hivyo anayeimwaga hiyo dawa ni mimi."

"Ni wewe."

Alimtazama mtoto aliyekuwa amelala kwenye leso pale barazani, mapaja yote mawili yamevimba kidogo, yana joto. Akahesabu miezi kwa vidole, akasema basi watarudi wakitoka ocha. Ile chupa ya kahawia aliinunua, shilingi mia mbili. Bado iko juu ya kabati, imefunguliwa mara moja tu. Brayo anasema ni chungu.